Dakika ishirini za adhabu

Juzi kijana mmoja jirani yangu hapa Changamwe alinijia na simu mkononi, uso umemkunjika. "Kaka, sisi tumepata maswali manne, na wale wanne. Mbona wao ni wa tatu, sisi wa kumi na moja?" Nikamwambia keti. Nanyi wasomaji ketini pia.

Mashindano ya kuandika programu ya vyuo vikuu, ICPC, yalichipuka Chuo Kikuu cha Texas A&M mwaka 1970, na fainali ya kwanza ikafanyika Atlanta mwaka 1977. Kwanza huangaliwa umetatua maswali mangapi. Mkilingana, hujumlishwa dakika: kila swali lililokubaliwa hubeba dakika zilizopita tangu mashindano yaanze, na kila jibu la swali hilo lililokataliwa kabla huongeza dakika 20. Swali ambalo hukulipata kabisa halikuadhibu, hata ulijaribu mara hamsini. Hapo wengi hupotea.

Kwetu Kenya hesabu ya namna hii si ngeni. Mbio za magari za Safari, zilizoanza 1953, zilihesabiwa kwa adhabu: ukichelewa kufika kituo cha ukaguzi unaandikiwa alama, na mwenye alama chache ndiye bingwa. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa! Ikabidi waamuzi watazame nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa, na Mehta akatwaa kombe. ICPC nayo, dakika zikilingana, hutazama nani aliwahisha jibu lake la mwisho lililokubaliwa.

Wenzao wa shule za sekondari walifuata njia nyingine. Olimpiadi ya IOI, iliyoanza Pravetz, Bulgaria, mwaka 1989, hutoa alama hata kwa jibu lililofanya kazi nusu, na wepesi wa mkono hauongezi kitu. Karibu nusu ya washiriki huondoka na medali. Mimi naona ndiyo hesabu ya kiungwana zaidi, ingawa najua marafiki zangu wa ICPC watanirukia.

Kwa kweli saa ya ICPC ilitengenezewa ukumbi: watu watatu, kompyuta moja, saa tano, na umeme ukikatika unawakatikia wote. Mashindano yalipohamia kwenye intaneti, wengi waliichukua saa wakauacha ukumbi. Mimi hilo lilinikuta Kisauni. Swali la kwanza nililipata dakika ya 18. La pili lilikuwa tayari dakika ya 64, kidole kiko juu ya kitufe, umeme ukaenda. Ulirudi nikalituma dakika ya 91. Jumla yangu 109. Aliyenipita alikuwa na 30 na 70, yaani 100. Bila giza lile ningekuwa na 82.

Kijana akafungua tena ukurasa wa matokeo, akahesabu kwa vidole. Timu yake ilikuwa imetuma majibu matatu mabovu kwenye swali ambalo baadaye walilipata. Dakika 60. "Haya ni makosa yetu," akasema. "Lakini pia tulikaa gizani karibu nusu saa. Hiyo imeandikwa wapi?"

Tuliutazama ule ukurasa kutoka juu hadi chini. Haukuwa na safu ya giza.