Bendi Iliyozaliwa Penye Moto: Historia Fupi ya Ozric Tentacles

Imekwisha timia miaka 40 na zaidi tangu mwezi Juni wa mwaka 1983, walipokusanyika vijana wa Kiingereza kwenye tamasha la bure karibu na mawe ya kale ya Stonehenge kuikesha siku yenye mchana mrefu kupita zote za mwaka, na katikati ya umati ule kundi dogo la wapiga ala likaanza kupiga muziki usiokuwa na jina wala mwisho uliopangwa. Walikuwamo ndugu wawili wa tumbo moja, Ed Wynne mwenye gitaa na Roly Wynne mwenye besi, na pamoja nao Joie Hinton, aliyeshika vinanda vya umeme. Walipoulizwa wao ni bendi gani, walijibu kwa jina lililozuka katika mazungumzo ya penye moto, walipokuwa wakibuni vyakula wanavyofungulia kinywa viumbe wa sayari za mbali: Ozric Tentacles. Neno la pili maana yake ni minyiri, kama ile ya pweza, nami sijaona jina lililomkaa mwenyewe vyema kuliko hilo, maana muziki wao hunyoosha mnyiri mmoja ukashika mdundo wa rege, wa pili ukashika filimbi yenye harufu ya Mashariki, wa tatu mlio wa mitambo, kisha vyote ukavivuta kwenye kiwiliwili kimoja.

Takriban kazi zao zote hazina uimbaji. Kwetu sisi, tuliolelewa kuupima wimbo kwa maneno yake, jambo hili laweza kuonekana kuwa upungufu. Lakini mtu aliyezoea kuwahi kwenye taarab, akaisikiliza bashraf kabla mwimbaji hajasimama, anao tayari ufunguo wa mlango huu. Sinthesaiza huwekewa noti chache, ikazikariri mbio mbio kwa kipimo kisichotetereka. Chini yake huingia ngoma na besi, ambazo pengine huhesabu saba pale sikio linapongojea nane. Na juu ya hayo gitaa huelea likisindikizwa na mwangwi wake wenyewe, hata msikilizaji asijue ipi ni noti na ipi ni kivuli chake. Jukwaani, taa za rangi humwagwa nyuma ya wapigaji, nao aghalabu huzama kwenye ala zao wasiseme neno. Na katika miaka yao mashuhuri aliyewashika hadhirina kwa macho alikuwa John Egan, mpiga filimbi, ambaye hakuweza kupiga pasipo kucheza, akirukaruka mbele kana kwamba ile filimbi ndiyo iliyombeba.

Kati ya 1985 na 1989 walitoa kaseti sita, wakaziuza wenyewe mkono kwa mkono kwenye maonyesho yao, na hapa ndipo ninapoiona heshima yao kubwa, kwani hawakungoja idhini ya kampuni yoyote ili kazi yao iwafikie waliokuwa wakiipenda. Wakati huo huo uwanja wao wa kuzaliwa ulifungwa: tarehe 1 Juni 1985 polisi waliuzuia msafara uliokuwa ukielekea Stonehenge, wakawakamata watu zaidi ya 500, na tamasha lile la bure likakoma. Bendi ikauhamisha moto wake kwenye kumbi, hasa mikesha ya Club Dog mjini London, ambako wapenzi wa roki na wapenzi wa muziki wa dansi wa mitambo walichanganyika sakafu moja. Mwaka 1993 albamu yao Jurassic Shift, iliyotolewa kwa lebo yao wenyewe ya Dovetail, ilipanda hadi nafasi ya 11 katika orodha ya mauzo ya Uingereza.

Baadaye Hinton na mpiga ngoma Merv Pepler waliondoka ili washughulikie kundi lao Eat Static, ambalo tayari lilikuwa limeelekea kabisa upande wa mitambo. Roly alifariki mwaka 1999. Apitaye Cheyne Walk, kando ya mto Thames, ataiona sanamu ya shaba ya mvulana aliyeshika pezi la pomboo, mwili wote hewani, usigusane na mnyama yule ila kwa mkono mmoja. Ni kazi ya David Wynne, baba yao Ed na Roly, na mvulana aliyechukuliwa kuwa mfano wake ni Roly mwenyewe alipokuwa mdogo.

Ed hakuliacha jukwaa. Wapigaji wameingia na kutoka wengi hata kuwahesabu ni taabu, lakini mwaka 2023, bendi ilipotimiza miaka 40, ilitoa albamu mpya, Lotus Unfolding. Na penye vinanda, mahali aliposimama Hinton usiku ule wa Stonehenge, sasa amesimama Silas, mwana wa Ed.