Bisibisi Ilivyoachana na Waya

Mwaka 1895, karakana ya Wilhelm Emil Fein mjini Stuttgart, Ujerumani, ilitoa drili ya umeme ya kushikwa mkononi. Ilikuwa na uzito wa kilo 7.5. Fundi aliishika kwa mikono miwili na kuikandamiza kwa nguvu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutoboa. Skrubu ya bawaba ya kabati haikuhusika kabisa. Iliendelea kukazwa kwa nguvu ya kiganja, na ilibaki hivyo kwa miaka mingi baada ya mota kuingia karakanani.

Umbo tunalolijua leo lilitoka Marekani. Duncan Black na Alonzo Decker, waliofungua karakana yao Baltimore mwaka 1910, walipata hataza mwaka 1917 ya drili yenye mpini kama wa bastola na kifyatulio cha kuwashia kwa kidole. Drili nyingi zinazouzwa madukani hadi leo ni wajukuu wa mpini huo.

Lakini skrubu yenyewe ilikuwa bado haijawa tayari kwa mota. Kichwa chenye mfereji mmoja kinavumilia mkono wa mtu, kwa sababu mkono unahisi bisibisi inapoanza kuteleza na kusita. Mota haisiti. Ncha bapa ikichomoka kwenye mfereji huku ikizunguka, inachora mlango, inakwaruza rangi, na mara nyingine inachoma kiganja kilichoshika ubao. Mkanada Peter Robertson alilijibu tatizo hilo mwaka 1908 kwa tundu la mraba. Baadaye Henry Phillips wa Portland, Oregon, akiendeleza wazo alilolinunua kwa John Thompson, alipata hataza za kichwa cha nyota mwaka 1936, na General Motors wakakitumia kwenye magari ya Cadillac. Ncha ya nyota hujiweka yenyewe katikati ya kichwa, na hilo ndilo mota ilikuwa inalisubiri. Historia za vifaa husifu sana mota na kuisahau skrubu. Kwa haki, sifa wagawane.

Waya ulikatwa mwaka 1961, Black & Decker walipoleta drili inayotumia betri za nikeli na kadimiamu. Wengi husimulia kwamba vifaa visivyo na waya ni zawadi ya safari za mwezini. Sivyo: drili hiyo ilitangulia. Kampuni ilipewa kazi ya vifaa vya anga baadaye, ikiwemo drili ya kuchukulia sampuli za udongo wa mwezi iliyotumiwa na wanaanga wa Apollo 15 mwaka 1971. Huko juu palihitajika ustadi wa kutumia umeme kidogo kwa kazi kubwa, na maarifa hayo yaliwafaa waliorudi kutengeneza vifaa vya nyumbani.

Katika miaka ya 1980 bisibisi ndogo za betri zilianza kuingia majumbani, na hapo udhaifu wa betri ukaonekana wazi. Seli moja ya nikeli na kadimiamu hutoa volti 1.2 tu. Ili kupata volti 3.6, mtengenezaji alipanga seli tatu ndani ya mpini, na mpini ukanenepa. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba betri hiyo hujimaliza yenyewe ikiwa imelala. Mwenye nyumba alikaza kitasa kimoja, akairudisha bisibisi kwenye droo, na miezi michache baadaye alipoihitaji aliibonyeza ikanguruma kidogo, ikazunguka nusu, ikanyamaza. Akachukua ile ya mkono. Juu ya hayo, kadimiamu ni sumu, na tangu mwanzoni mwa 2017 Umoja wa Ulaya haukuruhusu tena betri mpya za aina hiyo kwa vifaa vya umeme visivyo na waya.

Dawa ilitoka kwenye kamera. Sony walipeleka sokoni betri ya ioni za lithiamu kwa ajili ya kamera mwaka 1991, na mwaka 2003 Bosch wakaitia ndani ya bisibisi ndogo waliyoiita IXO. Seli moja tu ya lithiamu ina volti 3.6 au zaidi kidogo, hivyo seli tatu za zamani zikawa moja. Kifaa kikawa chepesi, kikaingia kiganjani, na kikakaa kwenye droo miezi mingi kikiwa bado na chaji. Mabadiliko yote makubwa ya bisibisi hii, kwa kweli, yamo humo ndani ya seli hiyo moja.

Ndiyo maana anayenunua leo atafanya vyema kuisoma betri kabla ya rangi ya boksi. Kisha atazame nguvu ya kuzungusha: nyutoni-mita 3 hadi 5 zinatosha bawaba, vitasa, vifuniko vya soketi (umeme ukiwa umezimwa kwanza) na kabati za kuunganisha nyumbani. Hazitoshi skrubu ndefu kwenye mninga, wala kutoboa ukuta. Anayelazimisha anaua mota. Spindeli (mhimili unaozungusha biti) inayojifunga mota ikisimama ni ya kutafuta kwa bidii, kwa kuwa humruhusu mtu kumalizia mzunguko wa mwisho kwa mkono wake mwenyewe, na mkono bado ndio unaojua skrubu ikitosha.

Kwa kazi za nyumbani, basi, bisibisi ya seli moja haina upungufu. Pesa inayobaki inunue biti nzuri za chuma kigumu, kwa sababu biti iliyolika huharibu kichwa cha skrubu haraka kuliko mota yoyote.