Kompanyi Gallo na nyimbo za wazee wetu: sauti ilibaki, haki ilikwenda wapi?

Kila mara watu wanapozungumza juu ya historia ya muziki wa Kongo, wanaanzia Kinshasa. Wanataja Ngoma ya Jeronimidis iliyozaliwa mwaka 1948, kisha Opika, kisha Loningisa ya Papadimitriou. Wako na haki, sababu nyumba hizo njo zilieneza rumba. Lakini sisi wa Katanga tuko na historia ingine pembeni ya hiyo. Sauti ya gitare ya Likasi, ile iliyosikilika mpaka Nairobi na Kampala, ilishika njia ya kusini. Ilipita Johannesburg, mu mikono ya kompanyi moja inayoitwa Gallo.

Katika kurasa hizi tunataka kueleza kompanyi hiyo ilitoka wapi, ilifanyaka biashara yake namna gani, na kwa nini mambo yake yanatugusa hata leo. Swali letu ni moja tu: mutu akiuza wimbo wake, anauza nini?

1. Mwanzo: duka la diski

Mwaka 1926, kijana mumoja jina lake Eric Gallo alifungua duka mu Johannesburg, akaliita Brunswick Gramophone House. Kazi ilikuwa kuuza diski zilizotoka inje. Lakini Johannesburg ni muji wa migodi. Wafanyakazi walitoka pande zote, na mutu aliye mbali na kwao anapenda kusikia lugha ya kwao. Gallo aliona kama kuna soko hapo.

Mwaka 1930 alituma waimbaji London kwa meli ili waimbe ndani ya mashini za Waingereza. Kati yao kulikuwa Griffiths Motsieloa, mwalimu na mutu wa tamasha. Safari kama hizo zilikula feza mingi. Njo maana mwanzoni mwa miaka ya 1930 Gallo alijenga studio yake mwenyewe kulekule Johannesburg, na Motsieloa akapewa kazi ya kutafuta waimbaji na kuwaleta mbele ya mikro.

Sasa tuangalie biashara yenyewe. Kompanyi ya muziki iko na mali mbili. Ya kwanza ni diski: kitu unachoshika mu mukono, unachonunua mu mangazini. Ya pili ni utunzi: maneno na sauti ya wimbo. Mutu mwingine akiimba wimbo huo, redio ikiupiga, sinema ikiutumia, kuna malipo. Kusimamia mali hiyo ya pili njo kazi ya edisyo. Diski inavunjika au inachakaa. Utunzi unazaa miaka na miaka.

Kwa waimbaji weusi wa wakati ule, desturi ilikuwa kulipwa mara moja tu. Unakuja, unaimba, unapewa feza kidogo, unatia sahihi, unarudi kwako. Mutu akiuza mahindi ya mwaka huu, shamba linabaki lake. Mwimbaji alifikiri ameuza mahindi. Kumbe alitia sahihi juu ya shamba.

2. Wimbo wa simba na shilingi kumi

Mufano unaojulikana dunia nzima ni ule wa Solomon Linda. Alikuwa Muzulu, mufanyakazi wa Gallo, tena alikuwa na kikundi chake, Evening Birds. Mwaka 1939 waliimba mu studio ya Gallo wimbo uitwao Mbube, maana yake simba. Wimbo ulipendwa sana: mu miaka kama kumi ziliuzwa diski karibu 100.000.

Kisha diski hiyo ikafika Marekani, mu mikono ya Pete Seeger na kikundi chake The Weavers. Seeger hakusikia neno vizuri. Mahali pa «uyimbube» aliandika «Wimoweh». Mwaka 1952 wimbo ukavuma kule kwa jina hilo. Mwaka 1961 kikundi cha The Tokens kikauimba tena, na maneno mapya ya Kiingereza: The Lion Sleeps Tonight. Baadaye, mu 1994, ukaingia ndani ya filme ya Disney, The Lion King.

Na Linda? Haki zake alizitoa kwa shilingi kumi. Kompanyi nayo ilipatana na wanaedisyo wa Marekani, ikabakiza kwake nchi kadhaa za Afrika tu. Wazungu wengine wakaandikwa kama watunzi. Linda alikufa mu 1962, mu umasikini, na watoto wake walikua mu shida kule Soweto.

Lakini kesi haikuisha hapo. Mwaka 2000, munagazeti Rian Malan aliandika mambo yote hayo wazi. Ma-avoka wakafungua sheria ya zamani ya Waingereza ya mwaka 1911. Ilisema kama mutunzi akiuza haki zake, zinarudi kwa wariti miaka 25 kisha kifo chake. Mwaka 2004 jamaa ya Linda ikashitaki Disney. Mu Februari 2006 wakapatana na Abilene Music, nyumba iliyoshika haki za wimbo: jina la Linda litajwe kama mutunzi pamoja na wengine, na jamaa ipate malipo. Miaka 43 ilikuwa imepita tangu baba kulala mu kaburi.

3. Kamyo ya Tracey inafika kwetu

Sasa turudi Katanga. Mwisho wa miaka ya 1940, Gallo ilianza kusaidia kazi ya Muingereza mumoja, Hugh Tracey, aliyezungukaka Afrika kukusanya muziki. Alitembea na kamyo yenye mashini za kukamata sauti. Motere ya umeme iliwekwa mbali, na kamba ndefu, ili makelele yake yasiingie ndani ya wimbo.

Mwaka 1952 Tracey alifika Jadotville, ile tunayoita leo Likasi. Pale alimukuta kijana wa miaka karibu 22, muzaliwa wa Bunkeya, mutu wa jamaa ya Bayeke: Mwenda Jean Bosco. Kijana alipiga gitare kwa vidole namna Tracey hakuwahi kusikia. Ungesema ni watu wawili wanapiga. Wimbo Masanga ulikamatwa wakati ule. Mwaka uleule ulipata zawadi ya kwanza ya African Music Society, shirika aliloanzisha Tracey mwenyewe.

Gallo ikatoa diski za Mwenda, nazo zikaenea Afrika ya mashariki. Kiswahili cha kwetu kilifunguliwa milango: mutu wa Nairobi alielewa, hata kama alichekaka kidogo namna yetu ya kusema. Wapigaji wa Kenya wakaanza kuiga vidole vya Katanga. Mwenda mwenyewe, na ndugu yake Edouard Masengo, walienda kupiga muziki kule. Mu 1969 Mwenda alialikwa mpaka Marekani, kwenye tamasha ya Newport. Alikufa mu aksida ya motokari, inchini Zambia, mwaka 1990.

Hapa lazima tuseme kweli pande zote mbili. Bila kamyo ile na bila diski za Gallo, tungekuwa leo na kumbukumbu ya mudomo tu. Kazi ya Tracey inalindwa mu nyumba aliyoanzisha mu 1954, International Library of African Music, iliyo sasa kwenye chuo kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Sauti yetu ilibaki. Lakini angalia: mutoto wa Likasi anayetaka kusikia babu yake vizuri, hazina hiyo iko inchi ingine.

4. Na sisi, sheria iko?

Ule mulango wa sheria ya 1911 ulikuwa wa inchi zilizotawaliwa na Waingereza. Sisi tulikuwa chini ya Wabelgiji, hatuwezi kuupita. Lakini tusiseme hatuna kitu. Mu 1969 Serikali iliunda SONECA ili isimamie haki za watunzi. Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi ya mutunzi maisha yake yote, na miaka 50 kisha kifo chake. Tangu 2011, SOCODA njo ilichukua nafasi ya SONECA.

Tufanye hesabu pamoja. Mwenda alikufa mu 1990: kwa sheria hiyo utunzi wake unalindwa mpaka mwaka 2040. Masanga si wimbo wa barabarani usio na mwenyewe.

Kwa hiyo, wazee wetu na vijana wetu wa muziki, tunawaomba mambo matatu. Kwanza, andikisheni nyimbo zenu mbele ya kuzitoa. Pili, mukipewa kontra, ulizeni: hii ni ya diski, ao ni ya utunzi, na ni kwa miaka ngapi? Tatu, jamaa za wapigaji wa zamani wachunge karatasi: barua, kontra, picha, hata kifuniko cha diski chenye jina la mutunzi. Watoto wa Linda walishinda sababu kulikuwa mutu aliyefuata karatasi mpaka mwisho. Karatasi iliyo leo chini ya kitanda inaweza kuwa kesho shamba la wajukuu.