Minara Miwili ya Cape Point

Neno mnara limetujia kutoka Kiarabu, manara, na maana yake ya asili ni mahali pa nuru. Sisi siku hizi twaita mnara kila jengo refu jembamba, hata lisilo na taa. Neno rasi nalo ni la Kiarabu, na maana yake ni kichwa. Wareno nao husema cabo, neno litokalo katika jina la Kilatini la kichwa. Hivyo watu wa lugha mbalimbali, walipoiona nchi kavu iliyojitokeza baharini, waliifananisha na kitu kimoja. Mnara na rasi twavikuta pamoja huko Cape Point, kusini ya mji wa Cape Town katika Afrika ya Kusini.

Bartolomeu Dias, Mreno, aliipita nchi hiyo mwaka 1488. Inasimuliwa kwamba yeye aliiita Rasi ya Tufani, na mfalme wake akalibadili jina liwe Tumaini Jema. Mwaka 1497 Vasco da Gama alipita huko, na mwaka uliofuata akafika Malindi, akapewa rubani wa kumwongoza mpaka Bara Hindi. Mwalimu na awaangalie wanafunzi wasidhani kwamba hapo ndipo mwisho wa Afrika upande wa kusini: mwisho wenyewe ni Rasi ya Agulhas, iliyo mbele zaidi upande wa mashariki, ambayo nayo ina mnara wake tangu mwaka 1849.

Tukishika njia ya kwenda kwenye mnara twapita nchi ya vichaka vifupi na mawe, isiyo na miti mirefu kwa sababu ya ukali wa upepo. Nchi hii ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1939, na tangu mwaka 1998 ni sehemu ya mbuga ya taifa. Humo wamo pofu, punda milia wa milimani na mbuni. Nyani wa huko wana desturi ya ajabu: hushuka pwani maji yakipwa, wakala kome na wadudu wengine wa miambani. Kuanzia Juni hata Novemba nyangumi huonekana katika ghuba iliyo karibu, wakija kuzaa.

Mnara wa kwanza, wa chuma, uliwashwa mwaka 1860. Wajenzi waliuweka juu ya kilele, na taa yake ikawa kadiri ya meta 238 juu ya bahari, kwa kuwa waliona kwamba kilicho juu ndicho kionekanacho. Lakini kilele hicho hufunikwa na mawingu mara nyingi, hata huko chini bahari ikiwa haina ukungu. Basi nahodha aliyeihitaji taa zaidi ndiye aliyeikosa. Tena usiku ulipokuwa mweupe, taa ilionekana kutoka mbali mno, na manahodha wakathubutu kuisogelea nchi kuliko ilivyofaa. Ubaya ukawa pande zote mbili.

Usiku wa tarehe 18 Aprili 1911 meli ya Kireno iitwayo Lusitania iligonga mwamba wa Bellows, karibu na rasi hiyo. (Si ile ya Waingereza iliyozamishwa na Wajerumani mwaka 1915.) Watu walio wengi waliokolewa, lakini ajali hiyo iliondoa shaka yote: taa lazima ishushwe. Mnara mpya ukajengwa penye ncha ya chini, taa yake ikiwa meta 87 tu juu ya maji, ukawashwa mwaka 1919. Hata leo unawaka.

Wazee wetu husema, Mpanda ngazi hushuka. Methali hiyo hutumika kumwonya mwenye kiburi. Lakini huko Cape Point kushuka hakukuwa aibu, maana nuru iliposhushwa ndipo ilipowafikia waliokuwa hatarini. Mnara wa zamani haukuvunjwa, na wageni hupanda kuutazama pamoja na bahari iliyo chini yake. Umebaki jengo zuri, lakini taa yake haiwaki. Kwa maana ya asili ya neno lenyewe, mnara ni ule wa chini.