Ngoma Iko Wapi Jumamosi Hii?

Wako watu wanaoamini kwamba historia ya wilaya huandikwa kwa majina ya wakuu wa wilaya, kwa barabara zilizotiwa lami, na kwa vita vilivyopita karibu na mipaka yake. Sibishani nao. Lakini kwa Ngara na Biharamulo ningependa kuanzia mahali padogo zaidi, yaani kwenye zile dakika chache ambazo mtangazaji wa redio husoma taarifa za burudani: kikundi gani cha ngoma kitacheza kijiji gani, kwaya ipi inazindua kanda yake, timu zipi zitapambana, na kiingilio ni shilingi ngapi. Mambo hayo huonekana mepesi, ya kupitishia muda kati ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Ndugu msomaji, nia yangu ni kukuonyesha kwamba katika kona hii ya nchi hayakuwa mepesi hata kidogo.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Ngara imebanwa kati ya Rwanda na Burundi, mahali ambapo mto Ruvubu unakutana na maji yanayotoka Rwanda na kuporomoka pamoja kwenye maporomoko ya Rusumo. Wenyeji wake ni Wahangaza wa Bugufi na Washubi wa Bushubi. Kihangaza na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, wala si ajabu, kwa kuwa Bugufi ilikuwa chini ya wafalme wa Burundi kabla wakoloni hawajachora mipaka yao. Ukitelemka kuelekea mashariki unaingia Biharamulo, nchi ya Wasubi na Wazinza, yenye boma la Wajerumani na mapori marefu. Zamani wilaya hiyo ilifika hadi ufukweni mwa Ziwa Viktoria, mpaka Chato ilipomegwa kuwa wilaya mwaka 2005 na baadaye kuingizwa katika mkoa mpya wa Geita.

Kwa hiyo mpaka wa mkoloni ulipita katikati ya watu wenye ngoma zinazofanana, wanaopiga inanga kwa vidole na kuimba kwa sauti ya chini, na wanaokunywa pombe ya ndizi kwenye sherehe za namna moja. Mtu wa upande wetu akisikia ngoma za Warundi zikilia ng'ambo haulizi maana yake. Anaijua.

Redio ilipoingia haikuufuata mpaka huo. Kwa miaka mingi hadi ilipotungwa sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, Watanzania tulikuwa na sauti moja ya taifa, Radio Tanzania Dar es Salaam. Ilitufundisha Kiswahili kizuri, ikatupa salamu, taarabu na muziki wa dansi, na kuanzia mwaka huohuo wa 1993 ikatupa mchezo wa Twende na Wakati, ambamo dereva wa lori aitwaye Mkwaju aliwafanya watu wazungumze habari za ukimwi hadharani kuliko mabango yote ya serikali. Lakini Dar es Salaam ni mbali. Taarifa za burudani zilizotoka huko zilihusu kumbi ambazo mtu wa Rulenge au Nyakahura hatazitia mguu maisha yake yote. Ngoma ya kijijini kwake ilitangazwa kwa mdomo, sokoni na kanisani, au kwa mlio wake yenyewe. Na mtu wa mpakani aliyeanika betri zake juani mchana ili zipate nguvu kidogo, usiku aliweza kuzungusha kitufe akaipata Kigali au Bujumbura.

Hapo ndipo habari yetu inapokuwa nzito. Mwezi Julai 1993 mjini Kigali kilianza kituo cha RTLM. Watu wengi hukikumbuka kwa chuki tu, na ni haki, lakini tusisahau jinsi kilivyopata wasikilizaji. Hakikuanza kwa kuhubiri mauaji. Kilianza kwa muziki wa Zaire uliopendwa na vijana, kwa mizaha, na kwa watangazaji wanaoongea kama watu walioketi kilabuni. Burudani ilikuwa sukari, na sumu ikafuata ndani ya sukari. Yalipoanza mauaji ya kimbari ya Aprili 1994, kituo hicho kilitaja watu kwa majina na mahali walipojificha. Baadaye mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani, mwaka 2003, waasisi wake wawili pamoja na mhariri wa gazeti la chuki, na rufaa ya mwaka 2007 ikapunguza adhabu zao bila kuwaondolea hatia zote.

Mahakama hiyohiyo ilimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi mwezi Desemba 2008. Waamuzi walikubali kwamba baadhi ya nyimbo zake zilichochea chuki, lakini kilichomfunga miaka 15 si nyimbo zile. Ni maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani mwishoni mwa Juni 1994. Nimeifikiria sana hukumu hiyo. Inatuonyesha jinsi ilivyo vigumu kwa sheria kuupima wimbo, ingawa kila mwanakijiji anajua wimbo unaweza kufanya nini.

Tarehe 28 Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja hivi. Wilaya iliyozoea makundi ya mbuzi na migomba iliamka ikiwa na mji wa mahema. Waliuita Benaco, kwa jina la kampuni ya Kiitalia iliyokuwa na kambi yake ya ujenzi wa barabara mahali hapo. Ndani ya mahema yale walikuwamo wajane, watoto waliopotezana na wazazi, na pia wauaji. Tena, Warundi walikuwa wameanza kukimbia tangu Rais Ndadaye alipouawa mwezi Oktoba 1993. Watu wote hao walikuwa wamejifunza jambo moja baya: kwamba redio huua.

Katika hali hiyo, mwaka 1995, Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha kituo cha redio Ngara. Kiliitwa Radio Kwizera, na kwizera maana yake ni kutumaini. Kilisema kwa Kirundi na Kinyarwanda, kadhalika kwa Kiswahili. Kazi za kwanza za redio ya namna hiyo mtu anaweza kuzitaja bila kufikiri: maji salama, kipindupindu, siku ya mgao, majina ya watoto wanaotafutwa. Hizo ni kazi za kuokoa roho, na hakuna anayezidharau.

Lakini nakuuliza, ndugu msomaji: mtu akishakunywa maji na kupata mgao wake, anakuwa nani? Kambini aliitwa kwa namba ya kadi. Alihesabiwa kwa kichwa, akapangwa kwa mtaa na kwa plastiki iliyomfunika. Redio inaposema kwamba Jumamosi saa nane, kwenye uwanja wa kambi, kikundi fulani cha wapiga ngoma kitacheza, mtu yule yule anarudishiwa jina lake la zamani. Ni mpiga ngoma. Ni mwanakwaya, ni mchekeshaji, ni golikipa. Tangazo la sekunde 20 linafanya kile ambacho gunia la mahindi haliwezi kukifanya.

Kazi ya pili ya tangazo hilo ilikuwa kwa wenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na ni kweli Ngara ilipata barabara, visima na biashara. Lakini ukweli mwingine ni kwamba miti ilikatwa hadi vilima vikabaki vipara, mifugo iliibiwa, na silaha zilizovuka mpaka ziliingia mikononi mwa majambazi. Kwa miaka mingi mabasi yaliyopita mapori ya Biharamulo yalisindikizwa na polisi wenye bunduki. Mwenyeji aliyekuwa akisikia neno mkimbizi alisikia hasara. Sasa redio yake ikimwambia kwamba kuna ngoma kambini, na ikampigia kidogo sauti yake, anaitambua. Ni ngoma ya babu yake. Hawezi tena kusema kwamba watu hawa wametoka mwezini. Sisemi kwamba ngoma ilimaliza uhasama, la hasha. Nasema ilimnyima mtu ule urahisi wa kumchukia jirani kama kitu kisichojulikana.

Wenzetu wa nchi jirani waliliona jambo hilo hilo. Bujumbura ilianzishwa Studio Ijambo mwaka 1995, ambako Wahutu na Watutsi walifanya kazi meza moja, na ikatoa mchezo wa redio ulioitwa kwa msemo wa Kirundi wenye maana kwamba jirani ndiye ndugu. Rwanda nayo mwaka 2004 ilianza mchezo wa Musekeweya, unaohusu vijiji viwili vinavyogombana na kupatana. Kilichoharibiwa kwa burudani kilijaribiwa kutengenezwa kwa burudani.

Mwezi Desemba 1996 serikali yetu iliwataka Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na karibu nusu milioni wakatembea kurudi Rusumo. Warundi wa kambi ya Lukole walibaki hadi kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2008. Mahema yakaondoka, na redio ikabaki na wenyeji wake. Tangu hapo swali la ngoma iko wapi Jumamosi hii likawa letu wenyewe.

Nalo si swali jepesi vilevile. Kanuni za utangazaji nchini zinataka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza, na sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyeiona Kigali ya 1994. Taifa lenye makabila zaidi ya mia moja halichezi na ulimi. Lakini matokeo yake ni kwamba Kihangaza, Kishubi, Kisubi na Kizinza haviingii studioni kwa mlango wa mbele. Vinaingia vikiwa vimevaa wimbo. Mtangazaji anasema kwa Kiswahili safi kwamba kikundi kitacheza Kabanga, kisha anaweka kanda, na kwa dakika tatu bibi aliyekaa jikoni anasikia lugha ya mama yake ikitoka kwenye chombo cha umeme. Kwa wazee wengi hizo ndizo dakika pekee za wiki ambazo redio inasema nao kwa lugha waliyozaliwa nayo.

Ninaye jirani mzee ambaye magoti yake hayamruhusu tena kufika uwanjani. Hata hivyo ikifika saa ya taarifa za burudani huwanyamazisha wajukuu. Nilimwuliza zinamfaa nini, maana haendi popote. Alinijibu kwamba anataka kujua kama nchi bado ni nzima. Kijiji kinachotangaza ngoma ya usiku, alisema, ni kijiji kisichoogopa. Mtu aliyeishi miaka ya mabasi kusindikizwa anajua analosema. Wakati ule hata harusi zilimalizika jua likiwa juu.

Kwa sababu hiyo mtayarishaji wa taarifa hizo ana mzigo mkubwa kuliko anavyodhaniwa. Mbele yake mezani ziko karatasi zilizoandikwa kwa mkono na makatibu wa kwaya, ujumbe wa simu kutoka Lusahunga, na kijana wa Bongo Flava aliyekuja mwenyewe akiwa na wimbo wake. Muda ni dakika 10. Akichagua, anasema nani yupo na nani hayupo katika wilaya. Akiwasoma wa mjini tu, vijijini wanajifunza kwamba wao si watu wa sanaa. Akiwapendelea wanaolipa, ngoma za wazee zitakufa mapema kuliko wazee wenyewe. Na akiupokea wimbo wa mafumbo bila kuuliza fumbo linamlenga nani, basi hajajifunza lolote kutoka ng'ambo ya mto.

Liko jambo moja linalonisikitisha zaidi. Karatasi hizo husomwa mara moja zikatupwa. Kanda za miaka ya tisini zilirekodiwa juu ya nyingine kwa kubana matumizi, kama ilivyokuwa desturi ya vituo vingi vidogo. Mwanahistoria wa kesho ataikuta Ngara katika ripoti za wakimbizi, zenye hesabu ya mahema, magunia na vifo, na atadhani kwamba watu wa huku waliishi kwa kula na kufa tu. Hataona kwamba mwaka ule wa dhiki palikuwa na mashindano ya kwaya, wala kwamba Mrundi na Mhangaza walipiga ngoma uwanja mmoja.

Dawa yake si ghali. Daftari moja la kurasa 200 liwekwe kila studio, na kila tangazo la sanaa liandikwe humo kwa tarehe, kijiji, jina la kikundi na aina ya ngoma. Wimbo wa kikundi cha kijijini usifutwe kabla haujanakiliwa, nakala ikapelekwa maktaba au shule ya sekondari iliyo karibu. Walimu wa Kiswahili na historia wawape wanafunzi kazi ya kumsikiliza mpiga inanga aliyebaki na kuandika anachokisema. Hayo yanaweza kuanza wiki hii, kwa gharama isiyozidi bei ya kreti moja ya soda.