Chenso ipi inakufaa? Angalia mti kabla ya nembo

Mwenye migrevilea michache pembezoni mwa shamba kata ya Mutuka, Babati mjini, na fundi anayepasua mbao za mikaratusi kila siku wanaweza kuingia duka moja kuulizia chenso. Huenda wote wakaonyeshwa lile dude kubwa la rangi ya chungwa, kwa sababu ndilo linalojulikana. Mmoja wao atatoka na mashine isiyomfaa.

Dude lenyewe ni Stihl MS 070. Stihl ni kampuni ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1926, na 070 ni modeli yake ya zamani: injini ya cc 106, uzito unaozidi kilo 10 kabla hujafunga baa. Ina nguvu, haina mambo mengi, fundi wa kawaida anaifungua na kuifunga bila shida. Kwa kupasua magogo manene, imethibitisha kazi yake.

Lakini haina breki ya mnyororo. Hapa ndipo watu wanaumia. Sehemu ya juu ya ncha ya baa ikigusa gogo, msumeno unaruka ghafla kuelekea usoni au shingoni mwa aliyeushika. Kwenye mashine yenye breki, kinga ya mbele inasukumwa na mnyororo unasimama papo hapo. Kwenye 070, unategemea mikono yako na bahati. Kumpa kijana ambaye hajawahi kushika chenso mashine hiyo ili apunguze matawi si uchumi.

Kwa nini ununue kubwa hivyo?

Kupogoa, kuni na miti myembamba: cc 30 hadi 40 zinatosha. Stihl MS 170 na MS 180 ziko hapo, na zina uzito wa kama kilo 4 tu. Kuangusha migrevilea na kukata nguzo za mkaratusi shambani: cc 45 hadi 60, baa ya inchi 16 hadi 18. Kwa mkulima wengi wa Mutuka wangeishia hapa.

Kupasua mbao ni habari nyingine. Hapo tafuta cc 70 kwenda juu, kama Stihl MS 381 au Husqvarna 272 XP, zote za cc 72 hivi na zote zina breki. Husqvarna ni ya Sweden, kiwanda kilichoanza na silaha mwaka 1689 na kuingia kwenye chenso mwaka 1959. Ubishi wa Stihl na Husqvarna hauna mwisho, lakini ukweli ni kwamba kwenye daraja moja hazipishani sana. Swali la maana ni hili: plagi, kabureta na mnyororo wake unapata Babati, au mpaka uagize Arusha?

Tena, ukipasua kwa chenso kubwa, kila mpasuo unakula karibu sentimita 1 ya mti. Ukitoa mbao tatu za inchi moja, karibu mbao moja nzima imegeuka unga. Kama magogo ni mengi, piga hesabu ya kuyapeleka kwenye mashine ya mbao.

Na zile za Kichina?

Zenye namba 5200 au 5800 zipo kila mahali na bei yake inavutia. Kwa kazi za hapa na pale shambani zinasaidia, na spea zake ni rahisi. Zisitegemewe kwa kazi ya kila siku kutwa nzima. Tatizo kubwa ni za kuiga zinazobandikwa nembo ya Stihl. Stihl huuza kupitia mawakala wake, kwa hiyo MS 070 "mpya" ya bei ya kutupa itilie shaka. Dai risiti. Bidhaa feki zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC.

Mashine nyingi hazifi kwa ubovu, zinauawa na mafuta. Mchanganyiko wa 50 kwa 1 ni mililita 100 za oili ya 2T kwenye lita 5 za petroli. Usikadirie kwa macho. Kama kitabu cha mashine kinataka 25 kwa 1 kwa oili ya kampuni nyingine, weka mililita 200. Oili chafu iliyomwagwa kwenye gari usiitie kwenye tanki la mnyororo, inamaliza pampu na baa.

Mnyororo ukitoa unga badala ya vipande, umekuwa butu: chukua tupa. Ukienda kununua mwingine, nenda na namba zilizogongwa kwenye baa, usibahatishe kwa macho.

Kuwa na chenso hakukupi ruhusa ya kukata popote. Msitu wa Hifadhi wa Ufiome, mlima Kwaraa, uko karibu, na kuvuna kwenye hifadhi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Hata kwa miti ya shambani kwako, pita kwanza ofisi ya kijiji au mtaa na kwa ofisa misitu uulize utaratibu.

Kabla ya kulipa, iwashwe mbele yako. Elekeza ncha ya baa kwenye karatasi safi bila kuigusa, kisha ongeza moto: lazima matone ya oili yaonekane. Sukuma kinga ya mbele uone kama mnyororo unasimama. Muuzaji akikataa kuiwasha, nenda duka lingine.