Nyundo Isiyopiga Chuma

Ukikuta nyundo ya zamani kijijini, usiharakishe kuipa jina. Tazama uso wake kwanza. Ya mhunzi imebonyea kwa kupiga chuma. Ile yenye mistari iliyochongwa usoni ni ya kupondea gome la mti: mistari inatandaza nyuzi, mpaka gome linakuwa nguo. Ndizo nguo wazee wetu walivaa kabla pamba haijaenea.

Lakini kwa Balega wa teritware ya Pangi kuna nyundo, shoka na visu vya pembe ya ndovu, laini kabisa. Kumbe hivyo havikutengenezwa kwa kazi ya mikono. Ni vitu vya Bwami: wenye cheo cha kindi walivitunza, wakavipaka mafuta, wakawaachia warithi. Katika mafundisho, chombo kilionyeshwa pamoja na methali yake.

Wabelgiji walipiga Bwami marufuku mwaka 1948, na vyombo vingi vimefika Ulaya, hata Tervuren. Huko pembe inapimika, methali haipimiki. Basi, tuwaulize wazee wetu wangali hai, kabla nyundo haijabaki bubu.